Mmea wangu wa mitungi hautoi mitungi: je, niutie mbolea?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo Tanga mjini. Nina mmea unaokula wadudu, ile aina yenye mitungi inayoning'inia, niliununua kwa muuza maua Dar es Salaam. Alisema unaitwa ventrata. Ulikuja na mitungi kadhaa, yote imeshakauka. Sasa unatoa majani tu, makubwa na ya kijani, lakini vile vikonyo vya mwisho wa majani vinakauka bila kufanya mtungi. Nimeuweka sebuleni karibu na dirisha, chini ya feni, na ninaumwagilia maji ya kisima. Jirani kasema una njaa, basi juzi kaka yangu akatia kijiko kimoja cha chai cha urea kwenye udongo. Mwingine ananiambia mitungi ikitoka niweke dagaa au nyama ya kusaga. Naomba unieleze mbolea ipi ni salama, kiasi gani, na kila baada ya muda gani. Halafu umerefuka sana kama mtambaa. Niukate?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Maswali yako yote nitayafikia, ila la urea halisubiri, kwa hiyo tuanze nalo.

Kama punje bado zinaonekana, ziokote, kisha ukwangue tabaka la juu la udongo, unene wa kidole, ulitupe. Peleka chungu nje mahali panapopitisha maji, ukimwagie maji ya mvua polepole kutoka juu mpaka yatoke kwa wingi chini. Chungu cha lita 1 kinataka maji yasiyopungua lita 5. Kiache kichuruzike nusu saa, halafu rudia. Kama leo huna maji ya mvua ya kutosha, duru ya kwanza tumia hata hayo ya kisima, kwani urea ni hatari ya haraka kuliko chumvi ya kisima. Duru ya mwisho iwe ya maji ya mvua, au ya yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Usirudishe kisahani cha maji chini ya chungu. Baada ya hapo pitisha wiki nne bila mbolea ya aina yoyote, hata ile nitakayoisifu huko mbele.

Kaka yako alikuwa na nia njema, na shambani kisoda kimoja cha mbolea ya kukuzia kwa shina la mahindi ni kipimo cha kawaida. Lakini urea ni naitrojeni kwa asilimia 46. Kijiko cha chai kina kama gramu 4 za urea, kwa hiyo chungu chako kimepokea karibu gramu 1.8 za naitrojeni kwa mkupuo mmoja. Bakteria wa udongo huigeuza urea kuwa amonia, na ndani ya chungu kidogo amonia haina pa kutawanyikia. Mizizi ya mmea huu ni myembamba, myeusi, na inakatika ukiigusa vibaya. Kazi yake kubwa ni kuushikilia mmea na kuupa maji. Ikiungua utaona kingo za majani zinageuka kahawia, na jani jipya la katikati linanyauka wakati udongo una maji. Ukiona hivyo, usiongeze maji. Ng'oa mmea taratibu, suuza mizizi, uupande upya kwenye udongo safi kama nitakavyoeleza.

Sasa tuje kwenye njaa. Kwa maelezo yako, mmea wako hauna njaa. Nepenthesi, ndilo jina la jamii ya mmea wako wa mitungi, ikiwa na njaa hutoa majani madogo, yaliyopauka, moja baada ya jingine kwa kusuasua. Wako unatoa majani makubwa ya kijani. Unachokosa ni mitungi, na mtungi haukosekani kwa sababu ya upungufu wa chakula. Hapa ndipo watu wengi wanapoumiza mimea yao: wanaona mitungi imekauka, wanasema mmea una njaa, wanatia mbolea kwenye udongo, na mitungi inazidi kuadimika.

Inaadimika kwa sababu kuujenga mtungi ni gharama. Mtungi si ua wala tunda. Ni ncha ya jani iliyovimba na kujifungua, na mmea huutengeneza ili upate hewani kile ambacho ardhi imeunyima. Ukiwekewa naitrojeni tele mizizini, hauna tena haja ya kuingia gharama hiyo. Jambo hili lilionyeshwa wazi na Aaron Ellison na Nicholas Gotelli huko Marekani, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2002. Waliushughulikia mmea mwingine wa mitungi, Sarracenia purpurea, unaoota kwenye vinamasi vya kaskazini mashariki mwa nchi hiyo. Kadiri walivyouongezea naitrojeni, ndivyo ulivyotoa majani mapana yenye vimitungi vidogo visivyokamata kitu. Sarracenia na nepenthesi si ndugu, lakini hesabu ya gharama na faida ni ileile.

Tazama pia mimea hii inakoishi. Huku Afrika bara nepenthesi haioti porini. Tunayo mimea mingine inayokula wadudu, kama drosera yenye majani ya ulimbo na utrikularia wa majini. Jamaa wa nepenthesi walio karibu nasi wako ng'ambo ya bahari, Madagaska na Ushelisheli. Ule wa Madagaska uliandikwa na gavana Mfaransa, Étienne de Flacourt, tangu mwaka 1658. Ule wa Ushelisheli, Nepenthes pervillei, unaota milimani kisiwani Mahé na Silhouette juu ya miamba mitupu ya matale, mizizi imeingizwa kwenye nyufa ambamo udongo ni kiganja tu, na mvua inaosha mara kwa mara. Huo mmea wako, Nepenthes × ventrata, ni chotara wa spishi mbili za milima ya Ufilipino. Wote hao wamezoea udongo maskini na maji yasiyo na chumvi, na chakula chao kinapitia juu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza si mbolea. Ni kuurudishia mmea hali ya kutengeneza mitungi, nayo ni mambo matatu: mwanga, unyevu wa hewa, na maji safi.

Utoe sebuleni. Dirisha linalotutosha sisi kusomea gazeti ni giza kwa nepenthesi. Uning'inize barazani upande wa mashariki, upate jua la asubuhi kuanzia saa moja hadi saa nne hivi, kisha kivuli chepesi cha mti au neti ya kivuli ya asilimia 50. Usiupeleke siku moja kutoka kivulini hadi juani. Uuzoeshe kwa wiki mbili, la sivyo majani yatababuka. Majani yakianza kuwa na wekundu kidogo, ujue mwanga umefika. Hewa ya Tanga ina unyevu wa kutosha, hilo ni bahati yako, ila feni inaukausha pale pale kikonyo kinapotaka kuvimba. Hiyo ni sababu mojawapo ya vikonyo vyako kuishia kuwa vijiti vikavu.

Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi, hata yale tusiyoihisi ulimini. Kipima chumvi za maji, kile kidude cha TDS wanachotumia wafugaji wa samaki wa urembo, hakina bei kubwa na kitakutoa wasiwasi. Kikisoma chini ya 50, maji ni mazuri. Hadi 100 mmea utavumilia. Zaidi ya hapo chumvi inajikusanya kwenye chungu mwezi baada ya mwezi, na ukiongeza mbolea juu yake unaziunganisha sumu mbili. Kuchemsha maji hakuondoi chumvi, kunaizidisha, kwa sababu maji yanapungua na chumvi inabaki. Maji mengi ya chupa ya kunywa nayo yana madini. Kinga maji ya mvua wakati wa masika na vuli: acha mvua ya mwanzo ioshe vumbi la bati, ndipo uweke ndoo, na uhifadhi kwenye chombo chenye kifuniko ili mbu wasizaliane. Kiangazi kikikaza, maji ya kiyoyozi ni mazuri. Wengine hununua maji ya betri. Nakuomba uwe mwangalifu hapo, maana madukani asidi ya betri na maji yaliyokenekwa hukaa rafu moja, na asidi itaunguza mikono yako kabla ya kuunguza mmea.

Udongo wa bustani haufai, na samadi haifai kabisa. Unaofaa ni sfagnamu, yaani kuvumwani mrefu uliokaushwa ambao wapanda okidi wanaufahamu, ukichanganywa na perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano, nusu kwa nusu. Ukiikosa, tumia kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, pamoja na vipande vya maganda ya miti ya okidi au mawe mepesi ya volkano. Lakini kwetu pwani kuna mtego: makumbi mengi hufukiwa kwenye matope ya bahari ili usumba ulainike kwa kusokota kamba, na usumba huo umeshiba chumvi. Hata kokopiti ya dukani iloweke kwenye maji safi usiku kucha, ukamue, ubadilishe maji, na uendelee hivyo mpaka maji ya mwisho yasome karibu sawa na yale uliyoanza nayo.

Ncha ya jani iliyokwisha kukauka haifufuki, kwa hiyo usiyatazame majani ya zamani. Tazama yanayozaliwa baada ya kuuhamisha. La kwanza huenda nalo likashindwa, maana lilianza kuumbwa sebuleni. Kwa kawaida ndani ya miezi miwili au mitatu utaona vikonyo vinapinda kwenda juu na kuvimba ncha. Hapo sasa tunaweza kuzungumza juu ya kulisha.

Kulisha nepenthesi ni kulisha mtungi. Mtungi unapokua kifuniko chake kimefungwa kabisa, na ndani yake mmea unatengeneza maji yake wenyewe. Kifuniko kinainuka chenyewe. Usikifungue kwa kucha. Maji hayo yana asidi na vimeng'enya. Kimoja, nepenthesini, hukatakata protini. Kingine, kitinasi, hulivunja gamba la mdudu. Joseph Hooker, aliyekuwa mkurugenzi wa bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, alilieleza jambo hili mbele ya wanasayansi mjini Belfast mwaka 1874, baada ya kuwatilia nepenthesi vipande vidogo vya ute wa yai uliochemshwa, na vya nyama, na kuona vinayeyuka. Tezi za ukutani mwa mtungi ndizo zinazofyonza kilichoyeyuka, na kutoka hapo kinasambaa mmea mzima. Ndiyo maana huna haja ya kulisha kila mtungi. Ukilisha mmoja au miwili, majani yote yanapata.

Porini mimea hii imejifunza kupokea chakula cha kila namna kupitia tundu hilohilo. Kisiwani Borneo kuna Nepenthes lowii, ambaye mitungi yake ya juu ina umbo la choo: mnyama mdogo anayefanana na kindi, tupaia wa milimani, hukaa ukingoni akilamba utomvu mtamu wa kwenye kifuniko na kujisaidia ndani. Watafiti walipima mwaka 2009 wakakuta asilimia 57 hadi 100 ya naitrojeni ya majani yake inatokana na kinyesi hicho. Huko huko Borneo, Nepenthes hemsleyana anawahifadhi popo wadogo mchana, nao wanamlipa kwa mbolea ya ndani kwa ndani. Nepenthes ampullaria anaota chini ya miti mikubwa, mitungi imefunguka kama sufuria, akikusanya majani makavu yanayoanguka. Mdudu, kinyesi cha popo, jani lililooza: vyote hivyo vinaingia mtungini, kidogo kidogo. Hiyo ndiyo namna nataka uifuate.

Ukishaning'iniza mmea wako barazani, huenda usihitaji kuulisha hata kidogo. Sisimizi na nzi wanaufuata utomvu wa ukingoni wenyewe, wanateleza, wanazama. Chungulia kwa tochi baada ya mwezi. Ukiona mabaki meusi chini, mmea unakula, na kazi yako ni kuuacha.

Ikiwa hakuna kitu, tia mdudu mmoja kwa mtungi, mara moja kwa mwezi, na asizidi robo ya kina cha mtungi. Nyenje, nzi, mende mdogo, wote wanafaa, mradi hawakuuawa kwa dawa ya kupuliza. Mvua zikianza na taa ya baraza ikajaa kumbikumbi, hapo una chakula cha bure: ng'oa mabawa, tia mmoja mmoja. Wana mafuta mengi, kwa hiyo usishawishike kujaza. Waliobaki waweza kuwaanika juani hadi wakauke kabisa ukawahifadhi kwenye chupa. Nasema waliokaushwa, si waliokaangwa kwa chumvi kwa ajili ya kula.

Hilo linatuleta kwenye dagaa. Dagaa wa bahari, tunaowapata Tanga, kwa kawaida huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Ukimtia mmoja umetia chumvi moja kwa moja penye tezi za kufyonzea. Dagaa wa Mwanza huanikwa bila chumvi, hao wana unafuu, ila vipande vyao ni vikubwa na vina mchanga. Sioni sababu ya kujisumbua nao. Nyama ya kusaga usitie. Hooker alitia vipande vidogo sana na kwa uangalizi. Nyumbani watu hutia tonge, nayo ina mafuta, na bakteria wanaifikia kabla vimeng'enya havijaimaliza. Maziwa ni mabaya vilevile. Kama unataka kitu cha dukani kisicho na usumbufu, tumia chakula cha punje cha samaki wa tangi: punje moja au mbili ndogo kwa mtungi wenye urefu wa kidole, kwa mwezi. Ndicho ninachowashauri wengi wasiopenda kushika wadudu.

Kuna pia mbolea ya punje zenye ganda, zinazoachia chakula polepole, maarufu kwa jina la Osmocote. Wakuzaji wengi wa nepenthesi hutumbukiza punje moja hadi mbili ndani ya mtungi wa kimo cha kidole, na hufanya kazi vizuri. Ila soma kilichoandikwa: miezi inayotajwa kwenye mfuko, mitano au sita, imepimwa kwa joto la nyuzi 21. Ganda linaachia haraka zaidi joto linapopanda, na Tanga ya Februari si nyuzi 21. Kwa hiyo anza na punje moja, kwenye mtungi wa zamani kidogo, usiwe ule mpya kuliko yote, na usirudie kabla ya miezi mitatu. Punje zisiwekwe juu ya udongo, hata kama mfuko unasema hivyo. Maelekezo hayo yameandikwa kwa ajili ya maua mengine.

Mtungi lazima uwe na maji ndani kabla ya kuulisha. Ukimwagika, sema wakati wa kuhamisha chungu, ongeza maji ya mvua hadi robo ya kina, usijaze. Na ujue kutofautisha kifo cha kawaida na kushiba kupita kiasi. Mtungi unaozeeka hukauka kutoka kifunikoni na ukingoni kushuka chini, polepole, na sehemu ya chini iliyo kijani bado inafyonza, uache. Mtungi uliolishwa kupita kiasi unatoa harufu kali ya uozo, maji yake yanakuwa mazito na machafu, na ukuta unageuka kahawia katikati au chini wakati kifuniko bado kizima. Huo unaweza kuuokoa: nyonya uchafu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, suuza kwa maji ya mvua, acha robo ya maji safi, na usiulishe tena.

Busta, yaani mbolea ya maji ya kupulizia majani, nimeiweka mwisho kwa makusudi. Ni njia halali, inafaa zaidi kwa miche na vipandikizi visivyo na mitungi ya kulishwa, na kwa wenye mimea mingi. Kwa mmea mmoja wa barazani ni nyongeza tu. Ukiamua, chagua ya unga inayoyeyuka kabisa, 19-19-19 au 20-20-20 (namba hizo ni asilimia za naitrojeni, fosfati na potashi), na ukiipata ya okidi isiyo na urea ni bora zaidi. CAN, ile mbolea ya kukuzia, usiiguse, ina kalsiamu ambayo mimea hii haiipendi. DAP nayo ni ya kupandia mahindi, ibaki huko.

Kipimo chake ni robo gramu kwa lita 1 ya maji ya mvua. Kama huna mizani ya sonara ya kupima robo gramu, fanya hivi: yeyusha kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kama gramu 5, kwenye lita 1 ya maji ya mvua. Hayo ni maji mama. Chukua mililita 50 za maji mama, ongeza maji ya mvua hadi ifike lita 1, na hayo ndiyo ya kupulizia. Mara ya kwanza na ya pili tumia mililita 25 tu. Ili uone tofauti: lita 1 ya maji hayo ina kama miligramu 50 za naitrojeni, na kile kijiko cha urea kilikuwa na naitrojeni ya karibu lita 40 zake. Mmea mmoja unatosheka na vijiko vichache vya maji haya kwa kila mpulizo.

Pulizia asubuhi mapema, ukungu mwembamba juu na chini ya jani, huku umefunika udongo kwa mfuko wa nailoni ili usichuruzike chini. Kila baada ya wiki mbili inatosha, na wakati tu mmea unapotoa majani mapya. Ukiona udongo unafanya utelezi wa kijani, au sfagnamu inageuka nyeusi na kunuka, simamisha na uoshe chungu kwa maji ya mvua. Maji yaliyobaki usiyaweke, yamwagie mchicha. Maji mama yaandike jina kwa herufi kubwa na uyafungie mbali; tafadhali usiyaweke kwenye chupa ya soda, kwani nyumba ina watoto na wageni wenye kiu.

Usizitumie njia zote kwa pamoja. Ukitia punje mtungini, usipulizie busta mwezi huo. Na ikiwa baadaye utanunua mmea mwingine unaokula wadudu, drosera au ule wa mtego unaofumba kwa mfano, usidhani kipimo hiki kinafaa. Hiyo ni mimea laini zaidi kwa mizizi, nayo nakushauri uipe wadudu tu.

Kuhusu kuukata: ndiyo, ukate. Ventrata akishakuwa mtambaa, mitungi yake huwa michache na myembamba, ilhali machipukizi mapya kutoka chini ya shina hutoa mitungi minene na mingi. Kwa kawaida ningekwambia usubiri mpaka uwe umetulia mahali pake papya. Kwa ajili ya urea nabadilisha ushauri: kata kipande cha juu wiki hii, kabla ya kuona dalili yoyote ya kuungua, ili mizizi ikishindwa uwe na mmea mwingine. Tumia wembe mpya. Kipande kiwe na majani mawili au matatu, na kila jani likate nusu ili lisipoteze maji. Shina linalobaki liachie majani manne au zaidi. Simika kipande kwenye sfagnamu yenye unyevu, isiyotota, funika na mfuko wa nailoni angavu uliotobolewa mashimo mawili, uweke penye mwanga bila jua la moja kwa moja. Mizizi huchukua mwezi mmoja hadi mitatu kutoka. Usikivute kukagua. Jani jipya likifunguka, toa mfuko kidogo kidogo kwa wiki nzima, na mpulizo wa kwanza wa busta, ule wa mililita 25, usubiri mpaka jani la pili.